Jinsi Nchi Yetu Ilivyofundishwa Kupenda Jazi

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitufundisha kwamba kila sentensi huanza kwa herufi kubwa, hata kama jambo linalosemwa ni dogo. Nimelizingatia hilo. Msomaji akikuta herufi kubwa nyingi mahali ambapo mambo yenyewe ni madogo, asinilaumu mimi. Ndivyo nchi yetu inavyoandikwa.

Jina la nchi sitalitaja, wala si kwa woga. Limebadilishwa mara nyingi, na nilipoanza kuandika habari hii rangi ya kibao kipya cha uwanja wa ndege ilikuwa bado haijakauka. Itoshe kusema kwamba tuna mto mmoja mkubwa, Wizara ya Maji yenye jengo refu la vioo, na mabomba yanayotoa upepo safi kabisa.

Kiongozi wetu, ambaye sheria inatutaka tumwite Baba Mlezi, alisafiri kwenda nchi ya mbali kuomba daraja. Alikwenda kwa ndege, na kwa kuwa ni mtu anayewajibika, hakulala njia nzima. Alikuwa ameishika mikono ya kiti ili ndege isianguke. Alipofika, wenyeji wake hawakumpeleka kitandani. Walimpeleka kwenye ukumbi ambako watu waliovaa suti nyeusi walikuwa wakipiga jazi.

Baba Mlezi akaketi mstari wa mbele. Akafumba macho. Kichwa chake kikashuka polepole mpaka kidevu kikagusa tai, kikainuka ghafla, kisha kikashuka tena. Mpiga ngoma alipogonga matoazi kwa nguvu, Baba Mlezi alishtuka akapaza sauti, "Ndiyo!" Halafu akaendelea kama mwanzo.

Kesho yake gazeti la huko likaandika kwamba ukumbi ule haujapata kumwona msikilizaji aliyezama ndani ya jazi kiasi kile. Picha ilimwonyesha akiwa amezama. Daraja hatukupewa. Baba Mlezi alirudi na gazeti.

*

Tangazo lilisomwa redioni mahali ambapo kwa kawaida husomwa bei za mazao. Kuanzia siku ile, tuliambiwa, taifa litapenda jazi. Kazi ya kulifundisha ilikabidhiwa Wizara ya Maji, kwa sababu wizara nyingine zote zilionekana kuwa na kazi.

Waziri wa Maji na Jazi, Mheshimiwa Daktari Mtangoo, alifika wilayani kwetu kuzindua mpango huo. Tulisombwa tangu asubuhi, tukapangwa juani, tukasubiri mpaka jua likatuzoea.

"Wananchi!" alisema Waziri. "Kwa muda mrefu jazi imekuwa ikiishia mijini, kwa wachache! Serikali hii imesema basi! Ifikapo mwakani, kila kaya, narudia, kila kaya, itapata jazi safi na salama ndani ya mwendo usiozidi mita mia nne!"

Tulipiga makofi, kwa kuwa hotuba hiyo tuliijua vizuri. Tuliwahi kuisikia mwaka uliotangulia, ila palipokuwa na jazi safari hii, safari ile palikuwa na maji.

Jirani yangu Bi Siwema, mpika vitumbua, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na yale maji?"

"Mama," alijibu Waziri kwa upole, "tusichanganye mada."

Wataalamu walikuwa wameipima picha ya gazeti kwa rula, na humo wakapata Mkao wa Kitaifa wa Usikilizaji. Mikono huwekwa mapajani. Macho hufumbwa. Kichwa hushushwa polepole na kuinuliwa kwa ghafla. Matoazi yakilia, msikilizaji husema "Ndiyo!" mara moja tu, bila maelezo. Nasikia palizuka ubishi mkali juu ya doa dogo lililoonekana kwenye tai ya Baba Mlezi. Mwishowe walikubaliana kwamba udenda usiwe wa lazima, lakini atakayeuweza apewe alama za ziada.

*

Sasa niseme habari ya darasa letu. Tulikuwa tukisomea katika ghala la zamani la pamba, saa za mchana, baada ya shamba na soko na kabla ya kupika. Mwalimu alikuwa Mwalimu Nyamizi, mwanamke mtaratibu ambaye hakuwahi kumcheka mtu aliyekosea, jambo lililotufanya tukosee kwa uhuru na kujifunza upesi. Kitabu chetu kilikuwa cha jalada la kijani, nacho kilikuwa na hadithi ya Bi Kilua na mbuzi wake.

Mbuzi huyo alikata kamba akaingia shamba la mahindi la chifu. Bi Kilua akapiga magoti. Siku hiyo zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilisimama, kidole kwenye mstari, nikasoma kwa sauti: "Chifu akamtazama mbuzi. Akamtazama Bi Kilua. Akafungua kinywa. Akasema:"

Hapo ukurasa ukaisha. Nikalowesha kidole ili nifunue.

Naomba nieleweke. Maisha yangu yote habari nimesomewa na wengine, nao walisoma walipotaka na kuruka walipotaka. Hadithi ile ndiyo ya kwanza niliyoifikia mwenyewe, neno baada ya neno, kwa jasho langu. Kabla ya hapo sikuwahi kuwekewa kitu upande wa pili wa ukurasa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, kidole kikiwa kimelowa, mlango ulipofunguliwa akaingia Bwana Sekimweri, Afisa Masikio wa Wilaya, akiwa amebeba santuri na kinanda cha kuichezea.

"Vitabu, akina mama," alisema. "Taifa limebadilisha somo."

"Tutarudishiwa lini?" aliuliza Mwalimu Nyamizi.

"Mtakapofaulu. Anakuja mgeni kutoka nje, bingwa wa saksafoni, kutupigia katika Ukumbi wa Taifa, na Baba Mlezi atakuwepo. Darasa litakalosikiliza ipasavyo litarudishiwa vitabu na masomo yake. Mkituaibisha, ghala hili litageuzwa."

"Litageuzwa kuwa nini?" aliuliza Bi Siwema.

Bwana Afisa akafikiri. "Ghala."

Nikasema, "Bwana Afisa, niruhusu nifunue ukurasa mmoja tu. Kuna mbuzi ameingia shamba la chifu, na chifu alikuwa anataka kusema neno."

Alikichukua kitabu mkononi mwangu bila ukali wowote. "Mama Kasigwa," alisema, "mbuzi atasubiri."

*

Lazima nikiri, kwa majivuno kidogo, kwamba darasa letu lilionyesha kipaji cha jazi tangu siku ya kwanza. Sisi ni watu tunaoamka kabla ya jogoo. Mchana huo huo, ndani ya ghala la bati lenye joto la tanuri, tuliambiwa tukae, tufumbe macho na tulegeze shingo. Santuri haikufika katikati. Mwenzetu Mama Tabia alizipata hata zile alama za ziada za udenda, na mkoromo wake Bwana Afisa aliusifu kuwa unakaribia ubunifu.

Kuhusu muziki wenyewe, kama nilivyousikia kabla ya kuzama, ulifanana na watu wanaogombana ndani ya kabati la vyombo. Sikuuchukia. Niliuona kama ninavyoiona serikali: upo, una kelele, na haukuletwa kwa ajili yangu.

Aliyetutia wasiwasi ni Bi Siwema.

"Bi Siwema!" Afisa alikuwa akiita. "Mbona unatikisa bega?"

"Silitikisi, Bwana Afisa. Linatikisika."

"Lizuie."

"Nikilizuia hili, linaanza la pili."

"Na huko kuguna je? Sheria inasema 'Ndiyo', tena penye matoazi tu."

"Si ameniuliza?"

"Nani amekuuliza?"

"Huyo mwenye tarumbeta. Ameuliza, kisha amenyamaza. Mtu akuulize, anyamaze akusubiri, wewe umfumbie macho? Mimi sikulelewa hivyo, Bwana Afisa. Labda kwenu."

Tulicheka wote, Afisa akakasirika, nami nikacheka kidogo kuliko wenzangu, kwa sababu niliuona ukurasa wangu ukienda zake. Tulipotoka nilimshika Bi Siwema mkono.

"Shoga, lala kama wenzako."

"Nilale mtu anaongea na mimi?"

"Haongei na wewe! Huyo yumo kwenye santuri, pengine alishakufa zamani. Chifu wangu je? Huu mwezi wa ngapi amefungua kinywa?"

"Kesho nina mchele wa kutwanga," alisema. "Njoo unisaidie. Uje na huyo chifu wako, naye ashike mchi."

Nilikwenda. Tulikuwa watatu, mimi na yeye na Mwalimu Nyamizi, ambaye siku hizo hakuwa na la kufundisha. Michi mitatu katika kinu kimoja: mtu huanza, wa pili huingia nyuma yake, wa tatu hujipenyeza katikati, na mradi hakuna anayewaza, hakuna anayegonga mchi wa mwenzake. Tuliposhika mwendo, Bi Siwema akafanya vile wanawake wa kwetu wanavyofanya kazi ikikolea. Akautupa mchi juu, akapiga makofi, mchi ungali hewani akapiga tena, akaudaka umechelewa kabisa, akaushusha.

"Umechelewa!" nilimwambia.

"Nimewagonga?"

Hakuwa ametugonga. Mchi wake ulikuwa umetua mahali ambapo sikujua kama kuna nafasi, nayo nafasi ilikuwepo, pana, kama ya mtu mzima kupita. Akarudia, mara hii akachelewa kwa namna nyingine, nami mwili wangu ukamjibu kwa kugonga ukingo wa kinu, kwa hasira au kwa furaha, sikujua. Bi Siwema akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ndiye huyo," alisema. "Mwenye tarumbeta. Ametupa mchi, wanangoja uanguke."

Siku iliyofuata Bwana Afisa aliweka santuri, nikafumba macho kama kawaida. Yule mwenye tarumbeta akautupa mchi. Nikausikia ukienda juu. Mwenye ngoma akapiga makofi mawili chini yake, mwenye kinanda akagonga ukingo, na mchi ukachelewa, ukachelewa, ukatua.

Tangu hapo nikawa na shida kubwa. Sikuweza tena kulala. Alama zangu zikashuka vibaya, na Bwana Afisa akaandika kwamba Mama Kasigwa ameanza kuupoteza uelewa wa jazi.

*

Siku ya mtihani tulivalishwa sare na kupelekwa Ukumbi wa Taifa. Kulikuwa na darasa la mahakimu, darasa la polisi, darasa la wakaguzi wa mizani na sisi. Baba Mlezi aliketi mstari wa mbele juu ya kiti kilichojazwa manyoya. Njiani Bi Siwema alikuwa ameniapia kwamba atanyamaza. "Kwa ajili ya yule mbuzi," alisema, na nikamwona anakunja pindo la kanga yake tayari kuling'ata.

Mgeni alikuwa mzee mwembamba, mweusi kama sisi, mwenye saksafoni iliyochubuka rangi mahali pa vidole. Nyuma yake alikaa mpiga ngoma. Mzee alianza kupiga, na papo hapo ukumbi mzima ukafumba macho ukashusha vichwa. Baba Mlezi alitangulia, kama ilivyo desturi yake katika mambo yote ya taifa. Matoazi yakalia. "Ndiyo!" lilinguruma taifa, likarudi chini.

Mzee yule akaendelea kidogo, akasita, akaishusha saksafoni. Akamwuliza neno mkalimani aliyesimama pembeni. Baadaye mkalimani, ambaye ni shemeji wa Mama Tabia, alituambia kwamba mgeni aliuliza hawa ni wagonjwa wa hospitali gani. Lakini saa ile alitutangazia hivi:

"Mgeni wetu anasema hajapata kuona watu watulivu kama ninyi!"

"Ndiyo!" walijibu mahakimu, ingawa matoazi hayakulia. Walikaripiwa.

Nilifumbua jicho moja. Nilimwona mzee anatutazama, safu kwa safu, utosi kwa utosi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesafiri siku nyingi kwenda kwa ndugu akakuta mlango umefungwa. Akainua saksafoni. Akapiga kitu kifupi, cha kuuliza, akanyamaza.

Ukumbi ulishusha vichwa.

Akauliza tena, kwa namna nyingine, akanyamaza. Kando yangu Bi Siwema alikuwa ameling'ata pindo la kanga mpaka machozi yanamtoka, lakini alinyamaza. Alikuwa ameniahidi.

Nikamfikiria chifu na kinywa chake kilicho wazi. Nikafikiria ghala likigeuzwa ghala. Nilijua kwamba ni kunyamaza tu. Ni kuinamisha kichwa mpaka muziki uishe, kazi ambayo nimeifanya tangu nizaliwe. Mzee akauliza mara ya tatu, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi huku amekwisha kuona kwamba wenyewe wamo ndani. Mchi ukaenda juu. Ukakaa hewani. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilipiga mimi. Mara mbili, na ya tatu kwa kuchelewa.

"Uwii, Mama Kasigwa!" Bi Siwema alilitema pindo. "Si useme mapema, nimekula kanga nzima!" Naye akaingia nyuma yangu, Mwalimu Nyamizi akajipenyeza katikati, Mama Tabia akaamka akagonga ukingo wa kiti bila kuuliza kuna nini, na darasa zima la kisomo likawa linatwanga. Mzee aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Alitupa swali, tukalidaka, alilichelewesha, tukamsubiri, mpiga ngoma alicheka kwa sauti, na mahali fulani upande wa polisi nilisikia kigelegele ambacho hadi leo hakuna askari aliyekiri.

Ndipo Baba Mlezi alipoamka. Aliamka kweli, macho yote mawili, kwa mara ya kwanza katika historia ya utamaduni wetu. Akageuka nyuma akawatazama wananchi wake.

"Nini?" aliuliza.

Muziki ukakatika. Bwana Sekimweri alikuwa amekwisha kunishika mkono wa kulia na askari mkono wa kushoto. Lakini Waziri Mtangoo hakufika alipofika kwa kulala, ingawa aliupenda mkao ule. Aliinuka, akanyoosha kidole juu, akapaza sauti kwa furaha:

"Nini!"

"Nini!" wakaitikia makatibu wakuu.

"Nini!" wakaitikia mahakimu, polisi na wakaguzi wa mizani. Mzee wa saksafoni, aliyedhani anajibiwa, alitupatia wimbo mwingine.

*

Gazeti la nje liliandika kwamba hakuna hadhira inayojua kuitikia jazi kama hadhira ya nchi yetu, na kwamba yote yalianza pale kiongozi wao alipotoa kilio kifupi kisichotafsirika. Kwa hiyo wiki hiyo hiyo Mkao wa zamani ukafutwa. Mkao mpya unamtaka kila mwananchi awe macho, na penye matoazi apaze sauti, "Nini?" Sikushtakiwa. Isingewezekana kunishtaki kwa kutangulia kutii sheria.

Waziri alirudi wilayani kwetu kuzindua Mkao mpya, akafuatana na bendi ya polisi. "Wananchi," alianza, "kuhusu maji, mabomba yenu yako katika hatua za mwisho!" Mwenye matoazi, kwa furaha au kwa mkono kuteleza, akayagonga.

"Nini?" tulisema wote, kwa utii.

Waziri akatabasamu. "Nasema, maji yatafika mwakani!"

"Nini?"

"Safi sana. Ila sasa si muziki. Nasema mwakani, mchakato..."

"Nini?"

Aliwatazama polisi. Polisi walitazama viatu vyao, nao walikuwa wamesema "Nini?", tena kwa heshima, mikono ikiwa ubavuni. Waziri aliondoka kabla ya kumaliza hotuba, jambo ambalo wazee wetu wanasema halijapata kutokea. Wiki hiyo bomba la karibu na soko lilitoa maji. Mamlaka zimeomba radhi, na uchunguzi unaendelea.

*

Vitabu vilirudishwa kama tulivyoahidiwa. Bwana Sekimweri alivileta mwenyewe, vikiwa na jalada jipya.

"Vimeboreshwa," alisema.

Sikujali jalada. Nilitafuta ukurasa wangu, nikasimama, nikasoma: "Chifu akamtazama mbuzi. Akamtazama Bi Kilua. Akafungua kinywa. Akasema:" Nikalowesha kidole. Nikamtazama Bwana Afisa. Hakunizuia. Nikafunua.

"'Mbuzi huyu anapenda jazi.' Mbuzi akafumba macho. Akainamisha kichwa. Watu wote wakafurahi, wakamshukuru Baba Mlezi. Mwisho."

Nilisoma tena, nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea, nilikwisha kujua kusoma. Hapakuwa na bendi wala matoazi, wala mtu aliyetoa ishara.

"Nini?" lilisema darasa zima.

Bwana Sekimweri alifurahi sana. Alitupa alama zote, akachukua kofia yake, akaenda kuripoti kwamba Mkao mpya umepokelewa vizuri. Mwalimu Nyamizi alisubiri nyayo zake zipotee. Kisha akafuta ubao, taratibu, kutoka kona hadi kona, akanipa chaki.

"Haya, Mama Kasigwa," alisema. "Chifu alisema nini?"

"Alimfukuza!" alisema Mama Tabia.

"Alimtaka Bi Kilua mwenyewe, namjua chifu wa namna ile," alisema Bi Siwema. "Andika, shoga, usiogope, andika."

Nilisogea mbele ya ubao. Halafu nikaandika, herufi kubwa mwanzoni, kama nilivyofundishwa:

"Mbuzi hakumsubiri chifu amalize. Aliendelea kula."